Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuuguza mgonjwa wa mwisho, kufiwa na matanga wakati wa janga, hapa Nairobi

Sisi ni majirani wa Eastlands tunaotembelea wagonjwa na kusimama na waliofiwa. Maswali haya mengi yalianza 2020 wakati wa Korona, tukadhani yataisha nayo, kumbe hayaishi. Mpox (ile homa ya nyani) ilipopatikana Taita Taveta mwisho wa Julai 2024 simu zikaanza tena, kila mtu anauliza kama matanga yatafungwa na kama mgonjwa wake wa saratani ataruhusiwa kliniki. Ndio tukaamua kuandika. Si maneno ya daktari, kwa hivyo mambo ya dawa muulize mwenye kuandika dawa.

Huduma shufaa si ni ya mtu wa kungoja kufa tu?

Hapana, na hii fikra imetesa watu wengi bure. Huduma shufaa ni kutibu maumivu na shida zingine za mtu ako na ugonjwa mzito, saratani, figo, moyo, ukimwi ulioendelea, na inaanza hata siku ile ugonjwa umejulikana, huku matibabu mengine yakiendelea. Inaangalia mwili lakini pia mawazo, familia, pesa na mambo ya Mungu. Mwanamke aliyeisukuma sana duniani, Cicely Saunders, alianza kama nesi, akafanya kazi ya ustawi wa jamii, halafu akasomea udaktari, akafungua hospisi, yaani kituo cha huduma shufaa, ya St Christopher's kule London 1967. Hiyo njia yake yenyewe inaonyesha kazi hii haifanywi na daktari peke yake.

Wakati wa janga inahitajika zaidi, juu vitanda vya wagonjwa mahututi (ICU) vinajaa na kuna watu watakufa hata tukifanya kila kitu. Kama hakuna kitanda haimaanishi hakuna cha kufanya. Mtu anaeza kosa mashini na bado akose kuteseka.

Tunaipata wapi hapa Nairobi?

Nairobi Hospice iko ndani ya uwanja wa hospitali ya Kenyatta na imekuwepo tangu 1990, ndio ya kwanza Kenya. Kuna pia chama cha hospisi zote nchini, KEHPCA, kilianza 2007, hao wanaweza kuwaelekeza kwa kituo kilicho karibu na nyinyi. Hospitali kadhaa za serikali na za misheni ziko na kitengo. Mara nyingi mnahitaji barua ya daktari anayemtibu mgonjwa, kwa hivyo muulize daktari waziwazi, usingoje akutajie. Wengine hawataji kabisa, sijui kama ni aibu ama wanaona ni kama kukubali kushindwa.

Mambo yakifungwa, piga simu kwanza. 2020 kazi nyingi ilihamia kwa simu, nesi anakuongelesha, anaona kidonda kwa video, anakuambia la kufanya. Wekeni namba ya nesi kwa simu ya zaidi ya mtu mmoja nyumbani, juu simu ya mgonjwa ikizima chaji usiku ndio shida huanza.

Mgonjwa hataki kurudi hosi. Tunaeza mwuguza kwa nyumba ya chumba kimoja?

Mnaeza, watu wengi wanafanya, lakini tuseme ukweli, ni kazi ngumu na haifai kuachiwa mtu mmoja, ambaye kawaida ni binti wa nyumba ama mke.

Kitanda kiwe karibu na dirisha kama lipo. Mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe karibu kila masaa mawili, usiku pia mkiweza, juu vidonda vya mgongo na makalio vinatokea haraka na kupona ni shida. Mdomo ukikauka tumia kitambaa safi kilicholowa maji na mafuta kidogo kwa midomo. Chakula msilazimishe. Hapa ndio familia nyingi hugombana, shosho anasema mtoto wake anauliwa na njaa, lakini mwili unaofunga kazi haudai chakula vile sisi tunadhani, na kumlazimisha kunaeza kumpalia. Kijiko cha uji akitaka, asipotaka basi.

Kama ugonjwa ni wa kusambaa kwa hewa vile Korona ilikuwa: mtu mmoja ama wawili wenye afya ndio wawe wanamshughulikia, wote na maski, dirisha wazi hata kama ni Julai na baridi imeingia, mikono sabuni na maji kabla na baada. Watoto na wazee walale kwa jirani ama kwa ndugu ikiwezekana. Hapo ndipo ploti, yaani nyumba za kupanga za uwanja mmoja, inasaidia, jirani mwenye nafasi ya kulaza watoto wawili amefanya kazi kubwa kushinda yule analeta maua.

Akikosa pumzi muinue aketi, mto mgongoni, ama ainame mbele akiegemea meza. Kupepea usoni kunasaidia sana mgonjwa wa saratani ya mapafu, lakini kwa ugonjwa wa hewa achaneni na feni, fungueni dirisha tu.

Maji ya ploti yakikatika je? Wekeni mitungi miwili ya mgonjwa peke yake na mwambie keateka mapema, wengi wanaelewa ukiwaambia mapema.

Mofini si itamfanya awe mraibu? Ama imalize maisha yake?

Mofini ya maji ya kunywa ikitumiwa vile nesi amepima inatuliza maumivu, haiharakishi kifo, na mtu mwenye maumivu ya kweli akipewa kwa kipimo ni nadra ageuke kuwa mlevi wa dawa. Pia inapunguza ile hisia ya kukosa pumzi. Huwa inatolewa kwa masaa, kawaida kila masaa manne, na siri yake ni kutongoja maumivu yarudi ndio umpe. Mwanzoni atasinzia na kichefuchefu, hiyo hupungua siku chache. Kufunga choo hakupungui, kwa hivyo omba dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo ya kwanza, usingoje wiki ya pili.

Iwekwe mbali na watoto. Na wakati mnasikia tetesi za lokdauni, hesabuni chupa imebaki siku ngapi. Nairobi ilipofungwa Aprili 6 2020 wagonjwa waliokuwa wanakuja kliniki kutoka nje ya jiji ndio waliumia, mpaka barua na mipango ipatikane dawa imeisha.

Tutajuaje mwisho umekaribia?

Analala zaidi na ni ngumu kumwamsha. Hali, hanywi. Mkojo unapungua na rangi yake inakuwa nzito. Mikono na miguu inakuwa baridi, rangi inabadilika. Pumzi inakuja na kukatika, inakaa kidogo, inarudi. Kunaeza kuwa na mlio kooni kama wa makohozi, unatisha sana wanaosikiliza lakini kawaida mgonjwa mwenyewe haumsumbui, mgeuze ubavu. Wengine wanaongea na watu waliokufa zamani, msibishane naye.

Endeleeni kumwongelesha. Muiteni jina lake.

Ako wodi ya kutengwa na hatuingii. Tufanyeje?

Hili ndilo swali lenye machozi mengi na jibu lake halitoshi, nikubali hivyo. Lakini kuna vitu.

Omba jina la nesi wa zamu na saa moja maalum ya kupiga simu, mtu mmoja wa familia ndio awe anapiga halafu anaambia wengine. Mkipiga kumi nesi ataacha kushika. Uliza kama wanaruhusu video, hata dakika mbili. Mgonjwa akiwa na mashini mdomoni hawezi kujibu lakini simu inaeza kuwekwa sikioni. Tuma sauti iliyorekodiwa, wimbo wa kanisa lake, kisomo cha Kurani, mjukuu akisema hesabu yake ya shule. Andika karatasi moja ya kumtambulisha: anapenda kuitwa nani, anaongea lugha gani vizuri, ako na kifaa cha masikio ama miwani, dini yake, kitu kimoja kinachomchekesha. Nesi anayeona mia kwa wiki atamwona mtu, si kitanda.

Na uliza hivi, kwa adabu lakini uliza: kama ni siku za mwisho, mtu mmoja anaeza kuingia akivaa mavazi ya kujikinga? Wakati mwingine jibu ni ndiyo na hakuna aliyewahi kuuliza. Maoni yangu ni kwamba kuzuia watu wote kabisa kulizidi mpaka, na janga lingine likija hili ndilo la kupigania mapema na hospitali, si wakati mzee wenu amelala kule.

Tumwambie mgonjwa ukweli?

Muulize anataka kujua nini. Wengi wanajua tayari na wanawaficha nyinyi.

Na watoto?

Ambia mtoto kwa maneno ya kawaida: baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, harudi. Hizi za amelala, amesafiri, zinaleta shida, mtoto anaogopa kulala ama anangoja stejini. Mtoto mdogo anaeza kufikiri yeye ndiye amesababisha, alikasirika na baba ama alileta ugonjwa kutoka shule, kwa hivyo mwambie wazi si yeye, na umwambie tena baada ya miezi. Kama haruhusiwi mazishini mpe kazi: achore picha iwekwe kaburini, achague nguo. Mtoto akizidiwa kuna namba 116, ni bure.

Amefia nyumbani. Hatua ya kwanza ni gani?

Hakuna haraka ya dakika tano, kaeni kidogo. Halafu mjulishe chifu msaidizi na polisi wa karibu, kifo cha nyumbani lazima kiandikishwe ndio mpate kibali cha mazishi na baadaye cheti cha kifo. Barua za hosi na kadi ya hospisi zikiwa mahali pamoja zinapunguza maswali, juu inaonekana alikuwa mgonjwa anayejulikana. Kitambulisho chake pia. Kama kulikuwa na ugonjwa wa kuambukiza semeni ukweli kwa watu wa mochari, wao ndio watamgusa.

Mwili unaambukiza? Tunaeza kuosha na kuvalisha?

Inategemea ugonjwa gani, na hapa ndipo 2020 tulichanganya mambo sana.

Ebola: ndiyo, mwili ni hatari mno, kuosha na kugusa maiti ni njia kubwa ambayo Ebola imesambaa Afrika Magharibi na Kongo, hapo waachie timu yenye mavazi, na hakuna kujadiliana. Korona: Shirika la Afya Duniani lilisema tangu Machi 2020 kwamba kwa kawaida maiti haiambukizi kama mtu anayekohoa, familia inaeza kumwona bila kumgusa na kumbusu, wanaomwandaa wavae glavu na kujikinga, na hakuna haja ya kuharakisha mazishi ama kulazimisha kuchoma. Mpox inasambaa kwa kugusa ngozi yenye vidonda na nguo, kwa hivyo shuka na kugusa mwili ni kwa mwenye glavu na mafunzo.

Sasa linganisha na tulichoona. Aprili 2020 picha zilitoka Siaya za mazishi ya usiku, maafisa na suti nyeupe, kaburi la haraka, familia imeachwa na maswali. Watu hawakuogopa Korona pekee baada ya hapo, waliogopa kuzikwa hivyo, na mtu anayeogopa kuzikwa vibaya anaficha ugonjwa. Mazishi mabaya yanaharibu hata vita dhidi ya ugonjwa wenyewe.

Kwa ndugu zetu Waislamu: kuosha kukishindikana kabisa kuna tayamamu, yaani kupangusa kwa udongo safi badala ya maji, na kama hata hiyo haiwezekani masheikh wanaelekeza. Janaza yenyewe, sala ya maiti, inaeza kuswaliwa hata na watu wachache tu. Muulizeni imamu wenu, na wale wanaoosha maiti pale Kariokor wako na uzoefu. Mjane yuko edani, yaani anatulia nyumbani baada ya kufiwa na mume, miezi minne na siku kumi, na wakati wa lokdauni eda inakuwa upweke juu ya upweke, wanawake wa jirani wapange zamu ya kumpigia.

Lazima tumpeleke ushago, kijijini kwao, akazikwe?

Sheria haisemi lazima, ni mila na moyo. Barabara zikifungwa mnahitaji kibali cha kusafiri pamoja na cha mazishi, na idadi ya watu kwa gari inapunguzwa. Wengine walizika Lang'ata wakitaka kuja kuhamisha baadaye. Kufukua kuna kibali chake na gharama yake, msiahidi wazee hilo kabla hamjauliza. Na Lang'ata ilitangazwa kujaa tangu miaka ya tisini, ingawa bado inazika.

Wameruhusu watu 15 tu. Nani aende?

Mnakumbuka 2020 ilikuwa 15, na ukoo wa kawaida ni mia mbili kabla ya kanisa. Anzeni na waliomuuguza. Hii kanuni imetuokolea ugomvi mwingi, yule aliyegeuza mgonjwa usiku asikose nafasi kwa sababu kuna mjomba ako na cheo. Halafu watoto wake, mke ama mume, ndugu, mtu mmoja wa dini, na wachimbaji wahesabiwe. Mtu mmoja apewe kazi ya simu ya laivu, si yule anayelia. Waliobaki wapewe kazi nyingine yenye jina: mmoja asome wasifu kwa simu, mwingine apike siku hiyo, mwingine apokee wazee wa upande wa mama.

Matanga ya simu ni matanga kweli?

Kafyu ilianza Machi 27 2020 saa moja jioni, kwa hivyo kesha likaisha siku moja. Kilichobaki ni grupu la WhatsApp, na grupu hilo linaeza kuwa matanga ama kelele tu. Tofauti tumeona ni hizi. Likae na ratiba: saa mbili usiku maombi dakika ishirini, leo majirani wanaongea, kesho wenzake wa kazi. Mwekahazina awe na mtu mwingine asiye wa nyumba hiyo, hesabu zitumwe kila jioni. Michango na pole zisichanganywe kwa grupu moja, juu mtu asiye na kitu ataona aibu kuandika pole, na pole yake ndiyo inahitajika. Wakati ule kutuma M-Pesa hadi shilingi elfu moja kulifanywa bure kuanzia katikati ya Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka, na tuliona michango midogo midogo ya mia mbili mia tatu ikibeba mazishi mazima. Hakuna aibu kwa mia mbili.

Halafu matanga ya simu hayapiki. Lazima kuna mtu wa kuacha sufuria mlangoni, aondoke hatua chache, asimame hapo waonane, aseme pole kwa mdomo. Hiyo dakika mfiwa huikumbuka kuliko Zoom nzima.

Hosi imekataa na mwili hadi bili iishe.

Mahakama Kuu imeshasema maiti si mali ya kuwekwa kama dhamana ya deni. Lakini kesi inachukua muda na mochari inahesabu siku. Anzeni na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, ombeni msamaha ama mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa maandishi, na mwende na mwakilishi wa wadi au mtu wa dini. Msiende kumi na tano mkipiga kelele, wawili wanaojua kuongea wanatosha.

Majirani wametutenga, landilodi anataka tuhame.

Ilitokea sana 2020, choo cha pamoja kikafungiwa familia iliyofiwa. Mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lenu ndiye wa kwanza kumwita, aje aeleze ploti yote kwa pamoja kipindi cha hatari kimeisha lini. Landilodi akisikia kutoka kwake na mzee wa Nyumba Kumi huwa anapoa.

Hatukumzika vizuri na haitutoki. Ni kawaida?

Kawaida kabisa. Hamkumwona, hamkumwosha, hamkuimba, jeneza limefungwa, wengine hata wanashuku ni nani aliyekuwa ndani. Huzuni ya namna hiyo inakwama. Kitu kimoja kimesaidia familia nyingi tunazozijua: kurudia. Mwaka mmoja ama mitatu baadaye, mnafanya ibada ya kumbukumbu, hitma (kisomo cha kumwombea marehemu), kuweka msalaba, chochote cha kwenu, na wale waliokosa nafasi wanaongea. Si lazima iwe kubwa, na haina muda wa kuisha.

Lakini mtu ambaye miezi mingi imepita na bado halali, hali, anakunywa pombe kupita kiasi, ama anasema anataka kumfuata marehemu, huyo si wa kungoja ibada. Kaa naye, usimwache pekee, mpeleke hosi ama piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Kumuuliza kama anafikiria kujiua hakumwekei wazo hilo kichwani.

Na sisi tunaouguza tukichoka?

Mtachoka. Manesi wa hospisi walizika wagonjwa wao na pia wazazi wao mwaka huohuo. Pangeni zamu kwa karatasi, si kwa huruma, na mtu akikosa zamu asiulizwe maswali mengi. Mkimaliza mgonjwa mmoja msipokee mwingine kesho yake.

Tunataka kuanzisha kundi kwa mtaa wetu, tuanzie wapi?

Watu sita wanatosha. Mmoja wa kuongea na kliniki, mmoja wa pesa, mmoja anayejua mambo ya chifu na vibali, wawili wa kutembelea, mmoja wa watoto. Tafuteni kanisa, msikiti na mhudumu wa afya ya jamii kabla janga lije, juu likija hakuna mtu atakuwa na nafasi ya kujuana. Ombeni hospisi iwafunze kugeuza mgonjwa na kuosha mdomo, ni mafunzo ya siku chache. Wekeni glavu, maski, sabuni, jik (dawa ya kuua viini) na shuka mbili za akiba kwa nyumba moja inayofikika usiku. Na andikeni majina ya wagonjwa wanaotumia mofini na wanaoishi peke yao, kwa ruhusa yao, karatasi ikae kwa mtu anayeweza kunyamaza.